Vifungo vya Mkono wa Shati la Baba

 

Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya kitu kisichozidi ukubwa wa sarafu, lakini ambacho kimewahangaisha akina mama wengi wa huku kwetu Nachingwea na Ruangwa. Ni vile vifungo vya mkono wa shati la mwanaume visivyoshonwa kwenye shati, bali huvaliwa na kuvuliwa kama hereni. Madukani utasikia vikiitwa kafulinki. Sisi tutaviita vifungo vya kafu, kwa kuwa kafu ndilo jina ambalo mafundi cherehani hulipa lile pindo gumu la mwisho wa mkono wa shati.

Mnajua hali ya kwetu. Malipo ya korosho yakianza kutoka baada ya minada ya RUNALI, chama chetu kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ndipo posa, sherehe za kuaga mabinti na harusi hufuatana. Baba anatakiwa asimame mbele za watu, amkabidhi binti yake au apokee mkwe. Mama anatoa sandukuni shati jeupe lililonunuliwa mnadani, analipiga pasi, baba analivaa, kumbe mikono haina kifungo hata kimoja! Ina matundu tu. Gari limeshafika mlangoni. Mmoja anatafuta pini, mwingine anamshonea baba shati likiwa mwilini, na mwingine anatuma mtoto dukani akakope. Siku ya furaha inaanza kwa maneno makali kati ya mume na mke, na sababu yake ni tundu la kifungo.

Basi tujifunze pamoja, ili jambo hili lisitukute tena.

Kwa nini shati huja bila vifungo

Wazee wetu wa miaka ya 1970 hawakuwa na shida hii. Vazi la heshima la mtumishi wa serikali wakati ule lilikuwa suti ya Kaunda, iliyopewa jina la Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Mara nyingi ilikuwa na mikono mifupi, na haikuhitaji tai. Mkono mfupi hauna kafu, na pasipo kafu hakuna kifungo chake.

Katikati ya miaka ya 1980 biashara ilipolegezwa nchini, nguo za mitumba zilianza kuingia kwa wingi. Ndani ya marobota hayo mlikuwa na mashati mazuri ya Ulaya yenye kafu ndefu ya kukunja. Sasa, mwenye shati anapoliacha huvua kwanza vifungo vyake na kuviweka, kama vile wewe usivyoweza kutoa gauni pamoja na hereni zako. Kwa hiyo shati linasafiri mpaka Nachingwea likiwa na matundu matupu. Mnunuzi asiyejua hudhani kwamba vifungo vimekatika.

Mtindo wenyewe ni wa zamani. Katika karne ya 17 wanaume wa Ulaya walianza kuacha kufunga mikono ya shati kwa utepe, wakatumia vifungo viwili vilivyounganishwa kwa mnyororo mfupi. Katika karne ya 19 kafu zilitiwa wanga mwingi hata zikawa ngumu kama ubao, na kifungo cha kawaida kilipita kwa shida. Hapo vifungo vya kafu vikaenea sana. Wala si mtindo wa suti peke yake. Kule Saudi Arabia na nchi za Ghuba ziko kanzu za heshima zenye kafu za namna hii, na ndugu zetu Waislamu waliokwenda huko wanavifahamu vizuri.

Litazame shati kwanza

Kabla ya kununua vifungo, kunjua mkono wa shati uuchunguze. Utakuta mojawapo ya aina tatu.

Aina ya kwanza ni kafu fupi yenye kifungo kilichoshonwa upande mmoja na tundu upande wa pili. Hili ni shati la kawaida. Halihitaji vifungo vya kafu, na usikubali mtu alitoboe ili liweze kuvivaa. Utaliharibu bure.

Aina ya pili ni kafu ndefu isiyo na kifungo chochote. Hesabu matundu: utayaona manne kwa kila mkono. Kafu hii hukunjwa mara mbili, na matundu yote manne yakalingana. Shati hili halivaliki bila vifungo vya kafu.

Aina ya tatu ni kafu fupi yenye kifungo kilichoshonwa, lakini na upande wa kifungo nako kuna tundu. Shati hili linakubali yote mawili. Ukilipata mnadani lichukue, maana litamfaa baba kazini na hata harusini.

Kama umeshanunua la aina ya pili na hupendi shughuli ya vifungo, mpelekee fundi. Anaweza kuipunguza kafu iwe fupi na kushona kifungo cha kawaida. Kazi hiyo ifanyike wiki mbili kabla ya sherehe, si asubuhi ya sherehe.

Namna ya kuchagua

Tazama kwanza mgongo wa kifungo, yaani ule upande usioonekana. Vingi vya madukani vina kijiti kinachozunguka: ukikinyoosha kinapita kwenye tundu, ukikigeuza kinakaa kama komeo. Hivi ndivyo rahisi kuvaa. Vingine vina mnyororo mfupi na urembo pande zote mbili. Hivyo hupendeza zaidi, lakini vinataka uvumilivu. Kizungushe kijiti dukani mara kadhaa. Kikilegea na kuzunguka chenyewe, kifungo kitadondoka kabla keki haijakatwa.

Kuhusu rangi, kanuni ni nyepesi. Rangi ya fedha inafuatana na suti nyeusi, ya kijivu na ya bluu. Rangi ya dhahabu inafuatana vizuri na kahawia na maziwa. Tazama pia saa na bakoli ya mkanda: kama vinang'aa rangi ya fedha, na vifungo viwe hivyo hivyo. Pete ya ndoa haihesabiwi hapa. Ibaki mahali pake, iwe ya rangi yoyote.

Tazama na shughuli yenyewe. Kwa mazishi na ibada, chagua kifungo kisicho na mapambo wala mawe yanayometameta. Kwa harusi baba anaweza kuvaa chenye urembo kidogo, ila kisizidi cha bwana arusi. Mzazi hashindani na mkwe wake.

Sasa tuje kwenye afya, maana hapa ndipo kazi yetu ya uuguzi inapoingia. Vifungo vingi vya bei ya chini vina madini yaitwayo nikeli. Jasho likikutana na nikeli, ngozi za watu wengine huwasha, huwa nyekundu, na hutoa vipele vidogo vyenye maji kwenye kiwiko cha mkono. Mtu anadhani ni fangasi, anapaka dawa ya fangasi, na haponi. Ni sawa na yale yanayowapata akina mama wenye masikio yasiyokubali hereni za bei rahisi. Dawa ya kwanza ni kuacha kuvaa kitu hicho. Kama ngozi imechubuka au inatoa maji, nenda kituo cha afya. Kwa baba mwenye ngozi ya namna hiyo, chagua vifungo vya fedha halisi, vya chuma kisichoshika kutu, vya mti au vya uzi.

Na hapa hatuna haja ya kwenda mbali. Mpingo unaota katika misitu ya mkoa wetu wa Lindi. Ni mti mzito kiasi cha kuzama majini, na ukisuguliwa vizuri hung'aa kama jiwe jeusi. Mwendee fundi kinyago anayenunua mti wake kwa njia halali, hata kipande kilichobaki katika kazi nyingine kitatosha. Mwambie akukatie viduara vinne vya ukubwa wa kifungo cha koti, kila kimoja akitoboe matundu mawili. Unganisha viwiliviwili kwa uzi mnene wenye nguvu, ukiacha nafasi ya sentimita moja na nusu hadi mbili katikati. Utakuwa na vifungo vya kafu ambavyo havipo katika duka lolote mjini. Kifuu cha nazi kilichosuguliwa nacho kinafaa. Ila mtu akikuletea vya pembe za ndovu, kataa. Biashara ya pembe hizo kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku kwa mkataba wa kimataifa tangu 1989, na sheria zetu za wanyamapori ni kali. Usimtie baba matatani kwa ajili ya urembo.

Namna ya kumvalisha

Mwanaume anaweza kujifungia kifungo cha mkono wa kushoto. Cha mkono wa kulia humsumbua, maana mkono wa kushoto wa watu wengi si mwepesi. Kwa hiyo tangu zamani hii ni kazi ya watu wawili. Fanyeni hivi:

1. Kunja kafu baada ya kuipiga pasi, kisha hakikisha matundu yote manne yanatazamana.

2. Baba avae shati kabla ya koti, akunyooshee mkono.

3. Kutanisha ncha mbili za kafu, ndani kwa ndani, kama viganja vya mtu anayesali. Usizilalishe moja juu ya nyingine kama unavyofanya kwenye shati la kawaida. Hili ndilo kosa linaloonekana zaidi harusini.

4. Ncha hizo zikae upande wa kidole kidogo. Pitisha kifungo kutoka upande wa nje, ili baba akisimama mikono ikiwa chini, urembo utazame watu na kijiti kitazame mwili wake.

5. Geuza kijiti, kisha vuta kidogo uone kama kimeshika.

6. Mvalishe koti. Shati lichungulie nje ya koti kwa sentimita moja au moja na nusu. Likizidi hapo, koti ni fupi. Lisipoonekana kabisa, vifungo vimevaliwa bure.

Sherehe ikiisha, vua vifungo kabla shati halijaenda kwenye beseni. Vikisuguliwa pamoja na nguo vinachubuka, na vinaweza kuchana kitambaa.

Baba asiye na nguvu mkononi

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuchague mada hii. Katika huduma ya kutembelea wagonjwa majumbani, huku Nachingwea na kule Ruangwa, tunakutana na akina baba waliopatwa na kiharusi. Wengine wamepona vya kutosha kutembea kwa fimbo na kuzungumza, lakini hawaonekani tena kanisani wala kwenye vikao vya ukoo. Ukimwuliza mama anasema, "Baba siku hizi hapendi watu." Ukikaa na baba mwenyewe kwa utulivu, wakati mwingine unasikia neno jingine: anaona aibu kutoka akiwa na shati lisilofungwa, na anaona aibu zaidi kuomba afungwe kama mtoto.

Tusilichukulie jambo hili kirahisi. Mtu anayejifungia ndani kwa aibu huchoka moyo, huacha mazoezi, na wengine huacha hata dawa za shinikizo la damu. Na shinikizo lisipodhibitiwa, kiharusi cha pili kiko karibu.

Kwa baba huyu vifungo vya kafu vinaweza kuwa msaada mkubwa. Chukua shati lenye matundu pande zote mbili za kafu. Tengeneza vifungo vya mpingo au hata vya kawaida kama tulivyoeleza, ila badala ya uzi tumia lastiki nyembamba ya duara. Vivalishe kwenye kafu kabla baba hajavaa shati. Mkono wake ukipita, lastiki inavutika, kisha inarudi mahali pake. Mbele ya watu kafu imefungwa kwa heshima, na yeye amevaa mwenyewe. Hakuna atakayejua, isipokuwa ninyi wawili.

Wakati wa kuvaa, mkono dhaifu uingie kwanza kwenye shati, na ule wenye nguvu ufuate. Wakati wa kuvua, mkono wenye nguvu utoke kwanza. Usiuvute mkono dhaifu, maana bega lake huumia kwa urahisi. Mpe nafasi afanye anachoweza, hata kama anachukua robo saa, wewe saidia pale anapokwama. Angalia pia kama vidole vya upande ule vimevimba. Vikivimba, lastiki, saa na pete visibaki mkononi.

Na tunaomba kila mama ashike hili. Kama bwana wako aliyezoea kujifungia vifungo, leo ghafla vidole vya upande mmoja havishiki, au mdomo umekwenda upande, au maneno yanatoka ovyo, usisubiri kesho. Usimpe chakula wala kinywaji, maana anaweza kupaliwa. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama harusi inangoja.

Watoto wadogo

Kifungo cha kafu kinang'aa, na mtoto anayetambaa hupeleka kila king'aacho mdomoni. Hifadhi vifungo kwenye kopo lenye kifuniko, juu ya kabati. Usiviache mfukoni mwa koti wala juu ya meza.

Mtoto akipaliwa na anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, umkalie karibu. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, mlaze kifudifudi juu ya mkono au paja lako, kichwa kikiwa chini, umpige mapigo matano katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Kitu kisipotoka, na mtoto hajatimiza mwaka mmoja, mgeuze chali umsukume mara tano katikati ya kifua. Aliyezidi mwaka mmoja mshike kutoka nyuma, umsukume mara tano juu ya kitovu, kuelekea ndani na juu. Endelea kupokezana mapigo na misukumo huku msaada ukitafutwa. Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani zaidi. Na kama amemeza na anapumua vizuri, usimtapishe. Mpeleke kwa daktari.

Vifungo na mfuko wa nyumba

Mama mmoja wa Ruangwa alituuliza afanye nini, kwani bwana wake anataka vifungo vya dhahabu kwa harusi ya binti yao, na wakati huo huo Januari inakuja na sare, viatu na madaftari ya watoto watatu. Kule Ruangwa dhahabu si neno geni, wachimbaji wadogo wapo, na baba anaona ni aibu mzazi kuvaa kisicho dhahabu.

Tulimshauri hivi, na tunawashauri wote. Usibishane na baba mbele ya watoto, wala usimwambie kwamba anapenda makuu. Siku ya harusi ya binti ni nzito kwa baba pia, na mara nyingi hana namna nyingine ya kusema kwamba moyo wake umejaa. Kaeni wawili jioni, wekeni mezani hesabu ya korosho yote, kila kitu na gharama yake. Kisha mwonyeshe vifungo vya mpingo vilivyosuguliwa vizuri juu ya shati jeupe lililopigwa pasi. Watu hutazama kama kafu ni safi na imekaa sawasawa. Hakuna mgeni anayekuja na mizani ya sonara.

Mama yule alifanya hivyo. Baba alikubali vya mpingo, kwa sharti kwamba baada ya harusi awekewe vizuri apate kumrithisha kijana wao. Sare za Januari zilinunuliwa.

Kwa hiyo, akina mama, kabla ya msimu huu wa harusi fungueni masanduku mapema. Hesabuni matundu ya mashati. Na kama nyumbani mwako yuko baba aliyeacha kutoka kwa sababu ya mkono wake, mshonee vile vya lastiki wiki hii hii, umwekee shati tayari Jumamosi jioni.

Mwezi ujao tutazungumzia kuondoa madoa ya maji ya korosho kwenye nguo na namna ya kulinda ngozi ya mikono wakati wa kubangua. Hadi hapo, tunawatakia afya njema na amani nyumbani.